Kuhamisha biro mashariki mwa Congo: komisionere peke yake hatoshi

Goma, Bukavu, kisha Uvira. Ndani ya mwaka mmoja, wakubwa wa kompani na wa mashirika mashariki mwa inchi yetu walijiuliza swali moja mara tatu: tubaki ao tuhame? Na tukihama, biro itakuwa wapi?

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia Goma. Katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Mabanki ya Goma yalifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Serkali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini ikapeleka kazi zake Beni, ile ya Kivu ya Kusini ikaenda Uvira. Desemba 2025, vita vikafika Uvira nayo.

Watu walihesabu wakimbizi, na ni haki. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haikusemwa sana: ya biro zilizofungwa, mikataba iliyobaki bila kuvunjwa, na loye iliyoendelea kudaiwa kwa nyumba ambamo hakuna mtu anayeingia tena. Kwa kompani ndogo, hesabu hiyo inaweza kula mishahara ya wafanyakazi wote. Na mara nyingi kosa si kuhama. Kosa ni kuhama kwa shauri la mtu mmoja tu.

Komisionere anajua nyumba, lakini hajui yote

Katika miji yetu, anayetafuta nyumba anamwita komisionere. Huyu anajua kila avenue, anajua nani anajenga, nani anauza na nani ana shida ya pesa. Bila yeye, mgeni anayefika Beni ao Bunia anaweza kuzunguka wiki nzima bila kuona nyumba inayomfaa. Kazi yake ni ya kweli na inastahili malipo.

Lakini komisionere analipwa siku mkataba unapowekwa saini. Mkataba usipopatikana, harudi na kitu nyumbani. Hawezi kukushauri kwa moyo mweupe kwamba ungoje miezi mitatu, ao kwamba ubaki pale ulipo na uzungumze na mwenye nyumba wako. Si kwa sababu ni mtu mubaya. Ni namna analipwa.

Shida hii haiko kwetu tu. Mwaka 1954, kule New York, Julien Studley, mzaliwa wa Ubelgiji, alifungua kompani iliyojulikana kwa kusimama upande wa wapangaji. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu mmoja hawezi kumtetea mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja, kwa sababu mmoja anataka loye ipande na mwingine anataka ishuke. Kompani hiyo ilikua mpaka mwaka 2014 iliponunuliwa na Savills, kompani kubwa ya Uingereza. Leo, katika miji mikubwa ya dunia, kompani inayotaka kuhama haiajiri mtu mmoja. Inaajiri ekipe: mwenye kujua soko la nyumba, mwanasheria, injinia, mtu wa hesabu na mtu wa kusimamia safari ya vitu.

Avoka anasoma kile ambacho wengine wanaruka

Wengi wanaamini kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Kwa nyumba ya biashara, si kweli. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Congo iko ndani ya OHADA, na mkataba wa nyumba ya kazi unafuata sheria yake ya biashara iliyopitishwa mwaka 2010. Sheria hiyo inakubali mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Lakini pasipo maandishi, ao pasipo tarehe ya mwisho, mkataba unahesabiwa kuwa hauna mwisho. Hapo anayetaka kuondoka anapaswa kutoa taarifa miezi 6 mbele.

Kama mkataba una tarehe ya mwisho, kuna mtego mwingine. Mpangaji aliyefanya kazi yake ndani ya nyumba kwa muda wa miaka 2 ao zaidi ana haki ya kuomba mkataba uendelezwe. Lakini lazima aombe angalau miezi 3 kabla haujaisha. Akichelewa, haki hiyo inapotea. Tena, mwenye nyumba akiuza ao akifa, mkataba haufi pamoja naye. Na kumweka mpangaji mwingine ndani ya nyumba hakukubaliwi kama mkataba hausemi hivyo.

Na vita je? Haifai kuamini kwamba vita vinafuta mkataba vyenyewe. Ni lazima kuonyesha namna vimekuzuia kutimiza kile ulichoahidi, na mwenye nyumba anaweza kubisha. Ni heri jambo hilo liandikwe mapema: usalama ukiharibika mpaka kazi haiwezekani, mpangaji anaondoka kwa taarifa ya siku ngapi, na garanti inarudishwa namna gani?

Kule mnakohamia, avoka ana kazi nyingine: kuhakikisha anayekodisha ndiye mwenye haki. Anaomba setifika ya kusajili na kuihakikisha kwa konservateri wa hati za nyumba na mashamba. Watoto wa marehemu wanaogombania parseli moja ni habari ya kila siku kwetu, na mpangaji aliyelipa miezi mingi mbele ndiye anayejikuta katikati ya ugomvi wa jamaa isiyo yake.

Injinia anagonga ukuta

Komisionere anaonyesha salon kubwa na rangi mpya. Injinia anauliza mengine: umeme unafika kwa nguvu gani? Jenereta itawekwa wapi, na moshi wake utaingia dirisha la nani? Paa linaweza kubeba paneli za jua? Maji yanatoka kila siku? Kule Bukavu, ataangalia kilima kilicho nyuma ya nyumba, kwa sababu udongo unateremka wakati wa mvua. Kule Goma, ataangalia jiwe la volkano lililo chini, kwa sababu kuchimba shimo la choo hapo ni gharama nyingine.

Mtu wa kompyuta naye anatembea pamoja naye siku hiyohiyo. Kuna biro nzuri ambazo hazishiki intaneti. Mambo haya yakijulikana kabla ya saini, yanapunguza loye, ao mwenye nyumba anayatengeneza kwa pesa yake, kwa sababu sheria inamtaka yeye afanye matengenezo makubwa. Yakijulikana kisha saini, yanakuwa mzigo wa mpangaji.

Hesabu moja, vichwa vitatu

Tuchukue mfano, kusudi jambo lieleweke. Shirika linalipa dola 2.000 kila mwezi Goma, kwa mkataba usio na tarehe ya mwisho. Komisionere wa Beni anapata nyumba ya dola 1.500. Mkubwa anafurahi: tunaokoa dola 500 kila mwezi.

Mtu wa hesabu anachukua kalamu. Miezi 6 ya taarifa kule Goma ni dola 12.000, kwa nyumba ambayo haitatumika. Kwa kuokoa dola 500 kwa mwezi, itaomba miezi 24 kurudisha pesa hiyo. Na hapo hajaweka bado garanti mpya, gari za kubeba vitu, wala loye ya wafanyakazi wanaohamia mji ambamo hawana ndugu.

Avoka anasema: tusikimbilie miezi 6. Tumwendee mwenye nyumba, tumwombe apokee miezi 2 kama tunamletea mpangaji mwingine. Na nani atamtafuta mpangaji huyo? Ni komisionere wa Goma, aliyeona kazi yake imekwisha. Wakifaulu, hasara inashuka kutoka dola 12.000 mpaka 4.000, na miezi 24 inakuwa 8.

Hakuna mmoja kati ya watatu hao angeona njia hiyo akiwa peke yake. Mtu wa hesabu aliona shimo, avoka aliona mlango, komisionere alikuwa na ufunguo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini ekipe kama hiyo inaweza kuvunjika kwa sababu ya malipo. Komisionere akilipwa kwa saini, avoka kwa saa na injinia kwa siku, kila mmoja atavuta upande wake. Kompani zenye hekima zinapatana nao wote mbele: sehemu ya malipo inatolewa kazi inapoanza, na ile inayobaki inatolewa siku wafanyakazi wanaketi katika biro mpya na umeme unawaka. Hapo komisionere naye anapata faida ya kusema ukweli kuhusu paa linalovuja.

Ya muda inaweza kuwa ya miaka 11

Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitia njia hii. Mwaka 2003, kwa sababu ya vita vya Côte d'Ivoire, ilihamisha makao yake kutoka Abidjan mpaka Tunis. Ilikuwa ya muda tu. Ilibaki kule kwa miaka 11. Wakubwa wake walikubali mpango wa kurudi mwaka 2013, na mwaka 2014 wafanyakazi wakaanza kurudi Abidjan.

Kwetu pia, biro nyingi zimehamishwa kwa neno hilo la "muda". Kwa hiyo mkataba wa mji mpya uandikwe kwa njia mbili: ukubali kuendelea kama vita vinarefuka, na ukubali kuvunjika haraka kama njia ya kurudi inafunguka. Waliofunga mkataba mrefu Uvira bila mlango wa kutokea wanaelewa.

Na si vita tu. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano hiyo ilitapika tena, na siku 5 kisha, wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuondoka. Siku kama hiyo hakuna anayepata nafasi ya kutafuta avoka.

Ndiyo maana ekipe inaundwa wakati wa utulivu. Haiombi pesa nyingi. Inaomba mtu mmoja wa ndani ya kompani mwenye mamlaka ya kuita wengine, na daftari moja ambamo kila mmoja anaandika: mkataba unaisha lini, taarifa ni ya miezi ngapi, garanti ni kiasi gani na iko kwa nani, vitu gani vinabebwa kwanza, nakala za kompyuta zinawekwa wapi, mfanyakazi gani ana wazee ao watoto wadogo na hawezi kuhama leo kwa leo. Kama ni makao makuu yanayohama, aongezwe yule atakayebadilisha adresi katika rejista ya biashara, kwa sababu sheria inatoa siku 30.

Ekipe hiyo iketi pamoja mara mbili kwa mwaka, nusu siku inatosha. Wakati wa kuhama ukifika, hakuna atakayeanza kuuliza mkataba uko katika droo gani.