Ziwa la Kutengenezwa: Samaki wa Kufugwa na Ndege wa Kuhifadhiwa

Wananchi wengi wanaoingia katika kazi ya kufuga samaki huwaona ndege wa majini kuwa ni wezi wa kufukuzwa. Kwa upande mwengine, wapo wapenda ndege wanaomwona mfugaji kuwa ni mharibifu. Makala hii inaeleza, kwa mfano wa ziwa moja mashuhuri, kwamba pande mbili hizo zaweza kuishi juu ya maji mamoja, ila kwa sharti la kiasi.

ZIWA LENYEWE
Ziwa hilo huitwa Rožmberk, nalo liko karibu na mji wa Třeboň, kusini ya Jamhuri ya Cheki, nchi isiyokuwa na bahari. Lilijengwa baina ya mwaka 1584 na 1590 chini ya usimamizi wa Jakub Krčín, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa sehemu hizo, Vilém wa Rožmberk. Mto Lužnice ulizuiwa kwa tuta la udongo lenye urefu wa karibu kilomita 2 na nusu, na maji yakatanda juu ya zaidi ya hekta 400. Tuta hilo lingali limesimama. Katika mafuriko makubwa ya mwaka 2002, ziwa lilizuia takriban mita za ujazo milioni 70 za maji, ilhali kawaida yake ni kiasi cha milioni 6.

NAMNA YA UFUGAJI
Samaki mkuu wa huko ni karpu, samaki wa maji baridi mwenye kutafuta chakula chake katika tope. Hukuzwa kwa muda wa miaka 3 hadi 4, akihamishwa kutoka bwawa hadi bwawa kwa kadiri ya umri wake. Ufikapo mwezi wa Oktoba, maji hufunguliwa polepole, samaki wakakusanyika penye kina karibu na tuta, na hapo huvuliwa kwa nyavu. Wengi huuzwa kwa ajili ya Sikukuu ya Krismasi.

MANUFAA KWA NDEGE
Maji machache ya kingoni, matete na wadudu ndiyo makaazi ya bata mwitu na ndege wengi wengineo. Maji yanapoteremshwa, tope lililo wazi huwa ni meza ya ndege wa miguu mirefu. Tai wa majini mwenye mkia mweupe, anayefanana na furukombe wetu, alirejea kutaga katika sehemu hizo katika miaka ya 1980. Mwaka 1977 eneo la Třeboň lilitambuliwa na UNESCO, na mwaka 1990 mabwawa yake yaliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Jambo hili linatugusa na sisi, kwani miongoni mwa korongo weupe wa Ulaya ya Kati wapo wanaohamia Afrika ya Mashariki wakati wa baridi ya kwao.

KIASI KINAPOPITUKWA
Katika karne ya 20 palikuwa na hamu ya kuzidisha mavuno. Samaki wengi zaidi walipandwa, na mabwawa yakatiwa mbolea na chokaa. Mavuno yaliongezeka, lakini karpu wengi waliwala wadudu ambao vifaranga vya bata huwategemea, wakalivuruga tope, na maji yakawa ya kijani. Mwangaza wa jua usipofika chini, mimea ya majini hufa. Bata wakapungua.

Haifai, hata hivyo, kumpuuza mfugaji. Mnandi hula samaki wadogo kwa wingi, na hasara hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo suluhu haipatikani kwa upande mmoja kuushinda wa pili. Hupatikana kwa kukubaliana juu ya idadi ya samaki, kimo cha maji wakati wa kutaga, na majira ya kukata matete.

FUNZO KWETU
Mabwawa yetu ya mwatiko na kaa ni ya maji ya chumvi, na hali ya hewa yetu ni nyengine. Vipimo vya Třeboň havifai kunakiliwa. Msingi wake ndio unaofaa. Tanzania nayo ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000. Wananchi na watendaji wa wilaya na shehia wanashauriwa yafuatayo:

(a) Bwawa lisichimbwe kwa kukata mikoko. Na kabla ya kuchimba, aulizwe ofisa wa uvuvi na wa misitu.
(b) Idadi ya vifaranga vya samaki ifuate uwezo wa maji, si tamaa ya mavuno.
(c) Samaki wadogo wakingwe kwa nyavu za juu. Ndege wasitegewe sumu, kwani sumu ya bwawani humrudia mlaji.

Ndege wakilihama bwawa, mwenye bwawa na ayatazame maji yake kwanza, kabla hajafurahi kwamba wezi wameondoka.