Cheche za gari la moshi: nani alilipa miti iliyoungua?

Kwenye mikutano ya kooperative swali hili linarudi kila mara: sosiete yenye karatasi za Serikali ikiharibu shamba lako, itakulipa? Tuwaelezee kesi moja ya zamani ya kule Wales, Uingereza.

Mwaka 1856, masini ya gari la moshi ya sosiete Taff Vale ilirusha cheche kwenye msitu wa bwana Vaughan, kando ya reli. Nyasi zilikuwa kavu, moto ukakula miti. Vaughan akaenda tribinali. Sosiete ikajitetea: sheria ilituruhusu kutumia masini, bomba la moshi tulilifunika, sanduku la majivu tulilifunga vizuri, tena tulienda polepole. Ikaongeza kwamba kosa njo la mwenye msitu, aliyeacha nyasi kavu. Majuji wakakataa: yeye alitumia udongo wake kama kawaida, ni masini njo ilimfuata pale. Vaughan akashinda.

Sosiete ikaenda kwenye apeli. Mwaka 1860 majuji wa juu wakavunja ile hukumu: kama sheria imeruhusu masini, na sosiete imechunga yote inayowezekana, hakuna kosa, bila kosa, hakuna malipo. Kwetu sisi wa kazi ya shamba, hapo panauma. Faida ya reli ilikuwa ya wengi, hasara ikabaki kwa mtu mmoja.

Basi nguvu yote ilikuwa kwenye ile ruhusa. Mwaka 1868 reli nyingine ya Wales, Festiniog, iliunguza lundo la majani makavu ya mtu. Yenyewe haikukuwa na ruhusa ya kutumia masini za moto, ikapashwa kulipa hata kama ilichunga.

Ni mwaka 1905 tu Bunge lilipotoa sheria mpya: cheche zikiunguza mashamba ao mazao, sosiete inalipa hata yenye ruhusa, mpaka pauni 100. Lakini mkulima alipashwa kutuma barua ya madai ndani ya siku 7.

Kwetu Congo, artikle 258 ya Code civil, Livre III, inasema anayeleta hasara kwa kosa lake atailipa. Artikle 260 inaongeza vitu anavyochunga. Hapo ushahidi unaombwa. Tumekwisha kuona PV iliyoandika «shamba liliungua», basi. Juji atahesabu nini? Siku ile ile muite shefu wa kijiji na agronome, mpime eneo, muhesabu mimea, muandike saa na upande moto ulipotokea, wote watie sinyatire mbele ya kulima tena.