Binti anataka masta ya jiografia: tumwambie nini?

Katika vikundi vyetu swali hili linarudi: binti amemaliza lisansi ya jiografia, sasa anaomba miaka miwili mingine ya masta. Wengine wanacheka: "Si atafundisha tu majina ya mito?"

Mwezi wa tano 2023, mvua ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Goma iliunguzwa na Nyiragongo 2002, na 2021 volkano ikatoka tena. Bukavu nyumba zinateremka pamoja na udongo, na bado viwanja vinauzwa mlimani. Nani atatuonyesha pasipofaa kujengwa? Kazi hiyo ni ya mwanajiografia, na anaizoea hasa kwenye masta: kusoma picha za satelaiti, kuchora ramani kwa kompyuta, kupanda mlima kupima mteremko, kuuliza wazee maji yalipita wapi zamani.

Gharama ipo, hatufichi. Juu ya minervali kuna safari za utafiti, na kompyuta yenye nguvu ndiyo inayokula franga. Hapo likelemba inaweza kusaidia. Programu ya ramani inayoitwa QGIS, yenyewe ni ya bure.

Kabla ya kulipa, binti aulize chuoni: profesa gani atamsimamia? Ramani zinafundishwa kwenye mashine, ao ubaoni tu? Akijibiwa ubaoni tu, atafute chuo kingine.