Mlio wa Kugonga katika Injini za Gari Kongwe za Mizigo

Wenye gari za mizigo zilizotumika miaka mingi wanakumbushwa kuwa haifai injini kufunguliwa kabla ya kujulikana mlio unatoka wapi. Kwanza ipimwe oili, injini ikiwa imezimwa na gari imesimama pahala palipo sawa. Mlio wa bati unaosikika kwa mwendo fulani tu mara nyingi ni wa kinga ya ekzosi iliyolegea, na dawa yake ni boliti moja. Mlio mwepesi wa juu huashiria nafasi ya valvu iliyozidi kipimo.

Wa kuhofiwa ni mlio mzito wa chini, unaozidi gari ipandapo kilima na shehena. Kwa injini za dizeli za zamani, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya moja, injini ikinguruma polepole na mikono ikiwa mbali na dizeli inayoruka. Mlio ukipungua, silinda hiyo ndiyo yenye kasoro. Nozeli yake ijaribiwe kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha. Mlio ukibaki, metali za konrodi huenda zimelika. Gari hiyo isiwashwe tena hadi itengenezwe, kwani konrodi ikikatika huweza kutoboa bloku.