Akiba haiozi, lakini mchicha unaoza

Shangazi yangu ameuza mchele Morogoro kwa zaidi ya miaka 20. Gunia la lumbesa analitambua kwa kulitupia jicho. Basi Jumamosi ile tulipompeleka duka la jumla la Costco, hapa Columbus katika jimbo la Ohio, nilidhani atashangaa ukubwa wa jengo. Wala. Kilichomshangaza ni kijana wa mlangoni aliyenitaka nipitishe kadi kwenye mashine kabla toroli halijavuka kizingiti.

"Hiyo kadi ya nini, mwanangu?"

"Ya uanachama, shangazi. Tunalipia dola 65 kwa mwaka."

"Mkishalipa mnapewa nini?"

"Tunaruhusiwa kununua."

Akasimama palepale, watu wakitupita kushoto na kulia. "Yaani mnatoa hela ili mkubaliwe kutoa hela?"

Nilicheka, lakini swali halikunitoka. Kadi yetu ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kuisha. Mke wangu alitaka tulipie tena. Mimi nilikuwa na shaka. Nyumbani tuko watatu, na mmoja wetu ana miaka minne. Swali la shangazi ni swali la kila familia ya Waswahili inayofika Marekani na kusikia kwa wenyeji wake kwamba huko ndiko kwenye nafuu: je, kadi inalipa?

Kiingilio cha nusu karne

Wazo la kumtoza mteja kiingilio lilianza San Diego mwaka 1976. Sol Price, wakili aliyegeuka mfanyabiashara, alikuwa na miaka 60 alipofungua duka aliloliita Price Club ndani ya jengo lililowahi kuwa banda la ndege. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu 1954 alikuwa akiendesha maduka ya FedMart, akauza sehemu kubwa ya hisa, kisha wenye mali wapya wakamtoa. Safari hii alilenga wenye maduka madogo, migahawa na ofisi, watu wasio na nguvu ya kuagiza moja kwa moja kiwandani. Walipe ada, waingie, wajichukulie mzigo wenyewe.

Jim Sinegal, ambaye alianza FedMart akiwa mwanafunzi anayeshusha magodoro, alishirikiana na Jeffrey Brotman kufungua Costco ya kwanza mjini Seattle mwaka 1983. Mwaka huohuo Sam Walton akafungua Sam's Club huko Oklahoma, na mwenyewe alikiri kwamba mengi aliyachota kwa Price. Mwaka 1993 Price Club na Costco zikaungana. Kufikia hapo mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa akina mama wenye vikapu na akina baba wenye magari.

Nilimweleza shangazi tukiwa katikati ya chaga za mbao zilizobeba mafuta ya kupikia. Costco haiongezi zaidi ya asilimia 14 hivi juu ya gharama ya bidhaa, au 15 kwa zile za chapa yake, Kirkland Signature.

"Asilimia 14?" alisema. "Hapo hujalipa hata kodi ya fremu."

Ndiyo maana ya kadi. Katika mwaka wa hesabu wa 2024, Costco ilikusanya ada za dola bilioni 4.8, na faida yake baada ya kodi ilikuwa dola bilioni 7.4. Ukiondoa ada, sehemu kubwa ya faida inaondoka nayo. Wenye kadi wa Marekani na Kanada wanaolipia tena ni zaidi ya 9 kati ya 10. Mwenye duka hahitaji kukukamua kwenye sukari ukiwa umeshamlipa mlangoni. Anachohitaji ni wewe uendelee kuamini kwamba umepata nafuu, mwakani urudi.

Ukawa Mangi wa nyumba yako

Hapo shangazi alinifungua macho kwa namna ambayo hesabu zangu za simu hazikuwahi kunifungua.

Kule nyumbani, alisema, mtu ananunua mchele robo kilo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na mafuta ya kupima ya kutosha mboga ya leo. Ukimpigia hesabu, analipa zaidi kwa kilo kuliko anayebeba gunia. Watu humwita mjinga. Si mjinga. Anamlipa Mangi amtunzie gunia. Mangi ndiye aliyekodi gari la Kirikuu kutoka soko la Kariakoo, ndiye anayepambana na panya na fukusi, ndiye anayekata gunia kuwa vibaba, na mzigo ukilala, hasara ni yake. Ile tofauti ya bei ni ujira wa kazi hiyo.

"Sasa huyu wa kwenu," alisema akinyoosha kidole kwenye mlima wa karatasi za chooni, "amemfuta kazi Mangi. Mangi ni wewe."

Tazama duka lenyewe. Supamaketi ya kawaida Marekani huweka aina 30,000 za bidhaa na zaidi; Costco haifiki 4,000. Mchele ni mfuko wa kilo 11 na ushei. Hakuna wa kukufungia, na mara nyingi mzigo unauzwa ukiwa juu ya chaga ulizofikia nazo. Usafiri ni wako, ghala ni lako, kugawa ni kwako, na kikioza, hasara ni yako. Punguzo unalopata ni mshahara wa kazi hizo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama bei ni nzuri, jiulize kama wewe ni Mangi mzuri.

Mimi sikuwa. Tulipofika nyumbani, shangazi alifungua jokofu kutafuta nafasi ya maziwa, akakuta mfuko mkubwa wa spinachi, mchicha wa huku, umegeuka maji ya kijani. Nyuma yake palikuwa na parachichi mbili nyeusi na nusu trei ya uyoga uliokauka. Hakusema neno. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kama mtu anayepanga ushahidi, kisha akaomba daftari.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na mchicha wa kilo.

Hesabu ya daftari

Kwa wiki nne tuliandika safu mbili: tulichonunua na tulichotupa. Hesabu iliyotoka ni rahisi, na kila nyumba inaweza kuifanya.

Chukua kitu ambacho mtaani ni dola 100, wewe umekipata kwa 80. Punguzo la asilimia 20, unarudi nyumbani unapiga mluzi. Ukitupa sehemu moja kati ya tano, umekula chakula cha dola 80 kwa dola 80. Uko palepale, na ada hujailipa bado. Ukitupa zaidi ya hapo, unalipa kiingilio ili upate hasara.

Ukiwa hutupi, ada yenyewe si mzigo mkubwa. Dola 65 kwa mwaka ni kama dola 5.42 kwa mwezi. Tuseme kwa vitu mnavyomaliza kweli mnaokoa asilimia 15 ukilinganisha na supamaketi ya jirani: manunuzi ya dola 434 hivi kwa mwaka mzima yanarudisha ada. Familia ya watu sita inafika hapo haraka. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na kugombea jokofu na wenzake watatu hafiki, na akifika, ni kwa karanga na biskuti ambazo asingezinunua.

Petroli nayo ina hesabu yake, maana matawi mengi yana kituo cha mafuta kwa ajili ya wanachama. Tuseme unaokoa senti 20 kwa galoni na unajaza galoni 12 kila wiki: ni dola 2.40 kwa wiki, dola 124.80 kwa mwaka, karibu ada mara mbili. Lakini hiyo ni kwa anayepita njia hiyo. Ukiendesha nusu saa kuifuata, kisha ukakaa kwenye foleni injini ikinguruma, senti zako umezichoma mwenyewe.

Ipo pia kadi kubwa, ya dola 130, inayokurudishia asilimia 2 ya manunuzi mengi mwisho wa mwaka, hadi kikomo cha dola 1,250. Wauzaji huisifia sana mlangoni. Ile nyongeza ya dola 65 inarudi ukinunua bidhaa za dola 3,250 kwa mwaka, yaani kama dola 271 kila mwezi. Chini ya hapo, chukua ndogo. Nilipomweleza shangazi habari za asilimia 2, alitikisa kichwa. "Kwetu hiyo inaitwa nyongeza. Unaiona palepale kwenye kisado, huingoji mwaka mzima."

Kuna mengine ambayo wageni huyajua wamechelewa. Kadi za mkopo zinazopokelewa katika maduka ya Costco Marekani ni za Visa tu. Mwenye Mastercard ya mkopo hutafuta fedha taslimu akiwa kaunta. Kadi ya EBT ya msaada wa chakula inakubalika kwa vyakula, ila haiwezi kulipia ada. Kila uanachama una kadi ya pili ya bure kwa mtu mmoja mnayeishi naye anwani moja. Kuazimana kadi na binamu wa mtaa wa pili hakuna maisha marefu siku hizi, kwa kuwa mashine za mlangoni zinaonyesha picha ya mwenyewe. Lakini mwenye kadi anaweza kuingia na wageni wawili, ilimradi alipe yeye. Duka lao la dawa halidai uanachama. Na kampuni imeahidi kurudisha ada yote wakati wowote usiporidhika, kwa hiyo kujaribu si kuolewa.

Mitego yenye harufu nzuri

Hata mwenye friza na gari ana adui mmoja: toroli lenyewe. Ni kubwa mno, na kitu kimoja ndani yake kinaonekana kama kimesahauliwa. Njia hazina vibao vya kukuelekeza bidhaa ilipo, na bidhaa huhamahama. Kuku wa kuchoma wa dola 4.99 yuko nyuma kabisa ya duka. Ili umfikie utapita runinga, majaketi na mahema ya kambi. Soseji na soda bado ni dola 1.50, bei iliyodumu tangu miaka ya 1980, na watu wengi huapa kwamba hiyo peke yake inathibitisha wema wa duka. Inawezekana. Ila aliyekwenda kufuata kuku akatoka na kayaki hakuokoa kitu.

Dawa ya shangazi ni ya soko kuu: orodha iandikwe ukiwa jikoni, umeshiba. Kisicho kwenye orodha hakina nauli ya kurudi nyumbani. Na usome maandishi madogo kwenye kibandiko cha bei, yale ya bei kwa kila aunsi, kwa maana wakati mwingine supamaketi ya jirani ikiwa na ofa inashinda jumla.

Nani basi akate kadi? Mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa ghorofa ya chini yetu hana hata haja ya kalamu. "Miye niko na watu munane mu nyumba," alituambia. "Kwetu hakuna kitu inaoza." Ana friza ya kulala, gari la viti saba, na kila mwezi anapikia sherehe za watu. Akina mama wanaopika pilau za harusi na misiba ndio hasa warithi wa wateja wa kwanza wa Sol Price. Lakini jumla inataka vitu vitatu kwa pamoja: fedha ya mkupuo, usafiri na mahali pa kuhifadhi. Aliyefika juzi, anayepanda basi na kulipwa kila wiki, hana hata kimoja, na yeye ndiye mwenye uhitaji mkubwa wa nafuu. Ndivyo ilivyo Morogoro, ndivyo ilivyo Ohio. Bei ya chini ina mlango, na nyuma ya mlango wa kadi kuna mwingine.

Sisi tulilipia tena, kadi ndogo, kwa sharti la daftari: mboga za majani, matunda na mikate tununue supamaketi, jumla iwe mchele, mafuta, sabuni, nepi na nyama ya kugandisha. Unga wa sembe, kama kawaida, tunaufuata duka la Waafrika.

Jioni moja kabla shangazi hajaondoka, tulirudi na mfuko wa mchele. Hakuturuhusu kuuweka kabatini. Alitandika kanga sakafuni, akamwita mama wa Bukavu na kijana Mkenya wa mlango wa pili anayesoma chuo, asiye na gari. Kila mtu alikuwa ametoa sehemu yake ya fedha. Kopo la maziwa mgando likawa kisado. Akajaza, akasawazisha kwa kiganja, akamimina, bila kupoteza hesabu hata mara moja huku akizungumza.

Alipomaliza fungu la yule kijana, akarudisha mkono kwenye mfuko, akachota konzi moja kubwa na kumwagia juu.

"Na hii," akasema, "ndiyo asilimia mbili yako."