Mgonjwa Anapomwelekeza Daktari

Katika toleo hili nimeamua kukupumzisha kidogo na ngeli na mashairi, tuzungumze sayansi. Wapo wenzetu humu shuleni wanaodai ati Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya sayansi. Hebu tuone.

Nitaanza na babu yangu. Miaka mitatu iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Cha ajabu ni kwamba ulitetemeka zaidi ukiwa umetulia juu ya goti, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kama vya mtu anayesokota uzi. Kufunga vifungo vya shati kukawa kazi ya robo saa. Majirani nao hawakukosa la kusema. Huyu alisema mzee ameanza kunywa, yule akasema amerogwa. Babu, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani, akawa anauficha mkono mfukoni, na mwishowe akaacha kabisa kwenda mikutanoni.

Tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson's, akampa tembe. Kisha akatuambia jambo lililoninyima usingizi: wapo wagonjwa wa aina hii wanaopasuliwa kichwa wakiwa macho kabisa, na wao ndio wanaomwelekeza daktari! Nilidhani anatutania. La hasha! Nilisoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu uliitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kijitabu mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo mna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kusogea bila kukwama. Seli hizo zikifa, mtu hutetemeka, viungo hukakamaa na mwendo huwa wa pole pole. Bila shaka umesikia juu ya Muhammad Ali, bondia aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka wa 1974. Mwaka wa 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, ulimwengu mzima uliona mikono yake ikitetemeka kwa sababu ya ugonjwa uo huo.

Tembe za levodopa, zilizoanza kutumika miaka ya 1960, huwasaidia wengi. Lakini baada ya miaka kadhaa, kwa baadhi yao dawa huanza kufanya kazi kwa vipindi: saa hii mtu yuko sawa, saa ijayo amekwama.

KIPIMO KILICHOGEUKA TIBA

Zamani, kabla na hata baada ya tembe kuja, madaktari wa upasuaji waliweza kuchoma sehemu ndogo sana ya ubongo ili kutuliza mtetemeko. Sasa wewe fikiria: ukichoma mahali pasipofaa, huwezi kurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hivyo, kabla ya kuchoma walipitisha kwanza umeme kidogo mahali pale, waone mgonjwa atafanya nini. Kilikuwa kipimo tu, basi.

Huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim Louis Benabid alikuwa akifanya kipimo hicho. Alijaribu umeme wa mipigo michache kwa sekunde, kisha akaongeza. Alipofikia kama mipigo 100 kwa sekunde, mtetemeko wa mgonjwa ulikoma. Akazima umeme, mkono ukaanza tena. Akawasha, ukatulia. Naam, kipimo chenyewe kilikuwa kinafanya kazi ya tiba! Akajiuliza: kuna haja gani ya kuchoma? Kwa nini waya usiachwe mle ndani, uunganishwe na betri? Vifaa vya betri vya kusaidia mapigo ya moyo tayari vilikuwa vikiwekwa ndani ya watu tangu 1958. Benabid na wenzake walichapisha kazi yao mwaka wa 1987, na tangu hapo zaidi ya watu 100,000 duniani wamewekewa waya kama huo.

NDANI YA CHUMBA CHA UPASUAJI

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mgonjwa huambiwa asimeze dawa zake. Kwa nini? Ili ugonjwa ujitokeze wazi. Mkono usiotetemeka utampimia nani nini?

Asubuhi hufungwa fremu ya chuma kichwani, kisha picha za ubongo hupigwa. Fremu na picha hizo ndizo ramani ya daktari. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi, na fuvu hutobolewa tundu dogo kwa keekee. Usitetemeke wewe msomaji! Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ndiyo maana mtu anaweza kukaa macho akizungumza.

Mahali panapotafutwa mara nyingi ni kiini kidogo kama haragwe, chenye urefu wa milimita chache tu, kilichofichika katikati ya kichwa. Ramani humfikisha daktari mtaani, lakini haimwonyeshi mlango. Kwa hivyo huteremsha waya mwembamba sana unaonasa umeme wa seli na kuugeuza kuwa sauti. Sehemu nyingine husikika zimenyamaza. Waya ukiingia kwenye kiini chenyewe, kelele huzidi ghafla, kama mvua iliyoanza kupiga mabati.

Baada ya kusikiliza, umeme huwashwa pole pole na maswali huanza. Fungua na ufunge vidole. Hesabu mpaka ishirini. Chora mviringo. Daktari mwingine humkunja mgonjwa kiwiko kuona kama mkakamao umelegea. Muhimu kupita yote, mgonjwa huulizwa: unasikia nini?

Swali hilo si la adabu tu. Kiini hiki kina majirani, na kila jirani ana kilio chake. Waya ukikaribia njia ya amri za misuli, uso au mkono hukazana wenyewe na maneno huburutika. Ukikaribia njia ya hisia, mtu husikia kuchomachoma kama aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi. Ukisogea upande wa neva za macho, huanza kuona vitu viwili viwili. Mambo hayo yote yanaweza kutokea kwa kupotea milimita moja au mbili. Hapo daktari hupunguza umeme, au huuvuta waya na kujaribu mahali pengine.

Mfano mzuri ni wa Eddie Adcock, mpiga banjo mashuhuri wa Marekani. Yeye hakuwa na Parkinson's bali ugonjwa mwingine wa kutetemeka, nao ulikuwa umeanza kumharibia kazi yake. Mwaka wa 2008, akiwa na umri wa miaka 70, alipasuliwa mjini Nashville huku ameishika banjo yake akiipiga. Madaktari walisikiliza muziki, wakajua umeme unafaa au haufai.

Mahali pakishapatikana, waya wa kudumu huwekwa, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo na kuunganishwa na betri iliyofichwa chini ya mtulinga.

TUSIDANGANYANE

Upasuaji huu hauponyi Parkinson's wala hauzuii ugonjwa kuendelea. Hupunguza tu ukali wa dalili. Damu inaweza kuvuja ubongoni na vidonda vinaweza kuingia viini, ingawa si kwa wengi. Si kila mgonjwa anayefaa, hasa mwenye tatizo kubwa la kumbukumbu. Aidha, picha za siku hizi zimekuwa safi, na hospitali nyingine humlaza mgonjwa usingizi wa dawa na kutumia picha hizo badala ya majibu yake.

Hata hivyo, funzo ni lile lile. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari ana vyombo na elimu, lakini anayejua kinachotokea mwilini ni mwenye mwili.

Babu yangu hajapasuliwa. Tembe zinamtosha kwa sasa. Ila nilipomsimulia habari hizi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata mimi nina kazi ya kufanya, mjukuu wangu." Sasa tumetundika kalenda ukutani. Yeye hunitajia saa aliyomeza dawa na saa mkono ulipoanza tena, nami naandika. Akienda kliniki huibeba, na mara ya mwisho daktari alibadilisha saa za tembe kwa sababu ya kalenda hiyo.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukimwona mzee anatetemeka, usimcheke wala usimwite mlevi. Mwambie aende hospitali, na akifika huko aseme yote anayoyasikia mwilini, asifiche hata moja. Babu naye amerudi mikutanoni, na mkono hauingii tena mfukoni.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu