Kanisa Lililojengwa kwa Karatasi

Msomaji mpenzi, kama wakaa Mandewa, au kijiji cho chote cha Singida, wajua vema taabu ya kujenga nyumba. Ukitaka tembe, huna budi kutafuta kwanza nguzo zenye panda, kisha boriti, kisha fito, na mwisho udongo wa kukandika. Ukitaka nyumba ya matofali ya kuchoma, wahitaji kuni nyingi za tanuri. Fanya utakavyo, mti lazima uanguke. Na sisi tunaokaa kwenye nchi kavu, yenye mvua ya miezi michache tu, twajua mti huchukua miaka mingapi kukua.

Basi leo twataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa mbali aliyeliona jambo hilo, akatafuta njia. Si mtu wa hadithi. Ni mchora ramani za nyumba, Mjapani, jina lake Shigeru Ban. Alizaliwa Tokyo mwaka 1957, akasomea kazi yake Marekani, na mwaka 1985 akafungua ofisi yake mwenyewe huko Tokyo.

MWANZI WA KARATASI

Umepata kuingia katika duka la vitambaa? Jora la kitambaa likiisha, hubaki katikati kitu kama mwanzi mnene, kilichofanywa kwa karatasi ngumu. Wengi hukitupa. Watoto huchezea. Mwaka 1986 Bwana Ban alipewa kazi ya kutengeneza mahali pa maonyesho. Mbao zilikuwa ghali, tena hakupenda zitupwe maonyesho yakiisha. Akaitazama ile mianzi ya karatasi, akaijaribu, akaona ina nguvu kuliko alivyodhani. Tangu siku hiyo hakuiacha.

Pengine utacheka na kusema: “Karatasi! Mvua je? Moto je?” Ni haki yako kuuliza. Mianzi hiyo hupakwa dawa ya kuzuia maji na dawa ya kuzuia moto. Tena karatasi iliyokazwa ikawa nene haiwaki upesi kama karatasi ya daftari, kama vile gogo lisivyowaka upesi kama majani makavu.

WAKIMBIZI NA MITI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994. Mwezi wa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, hapa hapa Tanzania, kwa muda wa siku moja tu. Walipewa maturubai ya plastiki, lakini turubai halisimami peke yake. Lahitaji miti ya kulishikilia, na mtu hula chakula kilichopikwa kwa kuni. Muda si muda vilima vilivyozunguka makambi vikabaki vitupu.

Bwana Ban, akiwa Ujapani, aliona katika gazeti picha ya wakimbizi wa Rwanda wamejifunika mablanketi, na bado wanatetemeka. Akasafiri mpaka Geneva, kwenye ofisi kuu ya Umoja wa Mataifa inayowahudumia wakimbizi, akawaambia kwamba anayo njia. Wakubwa wa huko walikuwa wamekwisha jaribu kuwapa wakimbizi nguzo za alumini ili wasikate miti. Lakini alumini ni mali. Mwenye njaa aliuza nguzo zake apate fedha, akarudi msituni na shoka. Nani atamlaumu? Nguzo ya karatasi haina bei sokoni, kwa hiyo itabaki kuishikilia nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa Rwanda, vikaangaliwa kama vitastahimili mvua na mchwa.

KANISA LA TAKATORI

Lakini kabla vibanda hivyo havijajengwa, msiba ulifika Ujapani kwenyewe. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11.46 alfajiri, watu wengi wakiwa bado wamelala, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Kobe. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Baada ya tetemeko ukaja moto. Katika mtaa wa Takatori kanisa Katoliki liliteketea. Sanamu ya Kristo ilibaki imesimama.

Wengi katika waumini wa parokia hiyo walikuwa Wavietnamu, watu waliokwisha kuwa wakimbizi mara moja, na sasa wamepoteza makao mara ya pili. Wakakaa chini ya maturubai katika bustani za mji. Jumapili wakasali nje.

Bwana Ban alisikia habari zao, akaja kutoka Tokyo, akamwambia paroko, Padre Kanda, kwamba yuko tayari kujenga kanisa la karatasi. Padre akashangaa sana: tumetoka kuunguzwa na moto sasa hivi, nawe wataka kutujengea kwa karatasi? Akakataa.

Tazama sasa alivyofanya yule mtu. Hakukasirika, wala hakwenda kumtafuta mkubwa wa padre. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili, safari ndefu ya gari moshi, akakaa pamoja nao. Akaona hali ya zile familia za bustanini, akawajengea kwanza nyumba ndogo: chini makreti ya bia yaliyotiwa mifuko ya mchanga yawe msingi, kuta za mianzi ya karatasi, juu turubai. Ndipo padre akamwamini, akamruhusu kujenga kanisa, ila fedha azitafute mwenyewe.

Fedha zikapatikana. Watu 160 hivi, wengi wao wanafunzi, wakajitolea. Kwa majuma matano wakasimamisha nguzo 58 za karatasi, kila moja yenye urefu wa mita 5, zimezunguka mfano wa yai. Nje wakaweka kuta za plastiki ipitishayo mwanga. Mwezi wa Septemba 1995 kanisa lilikuwa tayari, lenye nafasi ya watu wapatao 80.

Kanisa hilo la karatasi lilisimama miaka 10. Mwaka 2005 lilifumuliwa, lakini halikutupwa. Lilipelekwa Taiwan, nchi iliyopigwa na tetemeko lake mwaka 1999, likasimikwa tena katika kijiji cha Taomi mwaka 2008. Bwana Ban mwenyewe husema kwamba jengo la zege laweza kuwa la muda likijengwa kwa ajili ya fedha tu, na la karatasi laweza kudumu watu wakilipenda. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote kwa watu wa kazi yake.

Hata hapa jirani amefika. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulimwomba achore nyumba za wakimbizi na wenyeji wa Kalobeyei, katika nchi ya Waturkana, Kenya. Shauri lake lilikuwa hili: zitumike vitu vinavyopatikana pale pale, na ziwe nyumba ambazo mwenye nyumba aweza kuzijenga na kuzitengeneza mwenyewe bila kumngoja fundi mkubwa.

NA SISI JE?

Hatukuambii, msomaji, uende dukani kuokota mianzi ya karatasi. Mandewa hatuna kiwanda cha kuifanya. Lakini tunao udongo. Udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa katika mashine ya mkono hutoa tofali lisilohitaji tanuri. Waweza kuanza na hilo. Na baba anayetarajia kumwozesha mwanawe baada ya miaka kumi, apande leo miti ya nyumba ile, asije akaikata ya jirani.

Tena kumbuka zile Jumapili za Bwana Ban. Yuko mama mjane katika jumuiya yako ambaye tembe lake lavuja kila masika. Usiende kwake na shauri lako tayari kichwani. Nenda kwanza ukaketi, umsikilize ahitaji nini. Halafu nenda na wenzako, na majembe, na udongo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ingia ndani uone.